Baba kachukua kondoo: Confucius aliruhusu nini hasa?

Wengi wakisikia maadili ya Confucius, mwanafalsafa wa China ya kale, huwaza jambo moja: mtii baba, mtii mkubwa, funga mdomo. Anayetaka kuyalaumu maadili hayo hutoa kifungu kimoja cha Lunyu, kitabu cha mazungumzo ya Confucius na wanafunzi wake, na anayetaka kuyatetea hutoa hicho hicho. Ni kifungu cha 18 cha kitabu cha 13. Kinafaa kusomwa taratibu, kwa sababu karibu kila kosa linalofanyika mtu anapolinganisha falsafa ya China ya kale na ya kwingineko limejikusanya hapo.

Gavana wa She, wilaya ya dola ya kusini ya Chu, anamwambia Confucius: kwetu yupo mtu mnyofu, baba yake alichukua kondoo, naye mwana akatoa ushahidi dhidi yake. Confucius anajibu: kwetu wanyofu hawako hivyo, baba humsitiri mwana, mwana humsitiri baba, na unyofu umo humo.

Basi, kimeisha. Hatuambiwi kondoo alikuwa wa nani, kama alirudishwa, wala kama mwana aliitwa na hakimu au alijipeleka mwenyewe. Sehemu kubwa ya ubishi uliofuata inatokana na wasomaji kuyajaza mapengo hayo kisha kudhani wameyakuta maandishini.

Tuanze na anayesema kwanza. Huyu si mwanafunzi anayetega fumbo la falsafa, ni mtawala. Vifungu viwili kabla ya hapo, katika 13.16, alimwuliza Confucius kuhusu kutawala, akajibiwa kwamba utawala mzuri ni ule ambao walio karibu wanafurahi na walio mbali wanakuja. Sasa anajisifu: wilayani kwangu sheria imeingia hadi ndani ya nyumba, mwana anamshtaki babake. Kwa hiyo jibu la Confucius linamlenga mtawala kabla ya kumlenga mwana. Aliyekwisha kusoma 2.3 hashangai: ukiwaongoza watu kwa amri na kuwanyoosha kwa adhabu, watakwepa adhabu bila kuona haya, ukiwaongoza kwa wema na adabu, wataona haya na watajinyoosha. Na mwanafunzi wake Youzi, katika 1.2, anasema heshima kwa wazazi na kwa kaka ndiyo mzizi wa utu. Dola inayomfanya mwana kuwa mpelelezi wa nyumbani kwake inakata mzizi inaoutegemea yenyewe. (Namba za vifungu hutofautiana kwa moja au mbili kati ya toleo na toleo, kwa hiyo usipokuta kifungu mahali pake, tazama cha kabla na cha baada.)

Halafu tazama yasiyosemwa. Confucius hakusema wizi si kitu. Hakusema mwana adanganye akiulizwa. Hakusema mwenye kondoo apoteze mali yake. Wala hakusema kwamba kusitiri ndiko unyofu wenyewe. Alisema unyofu umo humo. Namna hiyo ya kusema anaitumia kwingine pia. Katika 7.16 anataja chakula duni, maji ya kunywa na mkono uliokunjwa kuwa mto, kisha anasema furaha nayo imo humo. Hakuna aliyewahi kudai kwamba kulalia mkono ndiyo furaha.

Unyofu kwake haukuwa kumwaga kila ukweli mbele ya kila mtu. Katika 5.24 anatajwa Weisheng Gao, aliyesifika kwa unyofu. Mtu alikuja kumwomba siki. Badala ya kusema sina, Weisheng akaenda kuiomba kwa jirani, akampa mgeni. Confucius anauliza ni nani aliyesema huyu ni mnyofu. Kosa ni dogo kabisa, na wengine tungeliita ukarimu, lakini Confucius ananusa mtu anayelea jina lake. Upande wa pili upo katika 8.2: unyofu usio na adabu hugeuka ukali unaokaba.

Hiyo harufu ya kutafuta jina ilinuswa na wengine. Katika Lüshi Chunqiu, mkusanyiko uliokamilika kwenye mwaka 239 KK hivi, kisa kinaendelezwa: mwana anamshtaki baba, baba anahukumiwa kufa, mwana anaomba afe badala yake. Anapokaribia kuuawa anasema: nimemshtaki baba, je, huo si uaminifu? Nimejitoa kufa kwa ajili yake, je, hiyo si heshima kwa mzazi? Mkiniua mimi mwenye yote mawili, katika nchi hii nani atapona? Mfalme wa Chu akamwachia. Confucius wa kisa hicho anasema ni uaminifu wa ajabu huo, baba mmoja kamchumia jina mara mbili. Si lazima tuamini kwamba Confucius alitamka maneno hayo. Yanatuonyesha tu jinsi wasomaji wa kale walivyokielewa kisa: walimtilia shaka mwana kwa nia yake.

Deni la anayesitiri

Hapa ndipo wasomaji wa haraka hukwama. Wanadhani baada ya kusitiri mwana amemaliza kazi yake, hali ndiyo kwanza inaanza. Lunyu 4.18 inasema mwana awaonye wazazi kwa upole. Akiona hawamfuati, adumishe heshima, asiwe mkaidi, avumilie taabu bila chuki. Liji, kitabu cha adabu na taratibu, kinaeleza hatua zenyewe: mzazi akikosea, mwonye kwa pumzi ya chini, uso mkunjufu na sauti laini. Akikataa, zidisha heshima. Akifurahi tena, mrudie na onyo lile lile. Akikasirika, endelea bado, maana kuliko mzazi awakosee watu wa mtaani na kijijini, afadhali umwonye mpaka mwisho. Hata akikuchapa damu ikatoka, usimwekee kinyongo, ongeza heshima.

Sehemu ya kipigo ndiyo inayonukuliwa, na si ajabu, kwa kuwa inakera. Lakini iliyo nzito katika suala letu ni ile ya watu wa kijijini. Mwenye kondoo ni mmoja wao. Maana yake mwana anayemsitiri baba hana ruhusa ya kukaa kimya ndani ya nyumba. Mdomo umefungwa kwa nje ili ufunguke kwa ndani, na kazi ya ndani ni kuhakikisha kondoo anarudi kwa mwenyewe.

Xunzi, mfuasi wa Confucius wa karne ya 3 KK, anakwenda mbali zaidi: fuata haki, usimfuate baba. Anataja hali tatu ambamo mwana mwema hatii: kutii kukiwa kutawahatarisha wazazi na kutotii kutawaokoa, kutii kukiwa kutawaaibisha na kutotii kutawapa heshima, na kutii kukiwa kutamfanya mwana awe kama mnyama. Xiaojing, kitabu kifupi cha sura 18 kuhusu heshima kwa wazazi, kina sura nzima ya 15 inayokanusha kwamba kumtii baba tu kunatosha. Baba mwenye mwana wa kumwonya hataangukia katika uovu. Anayesema Confucius alifundisha utii mtupu hajaifikia sura hiyo.

Bosi si baba

Nalitilia mkazo hili kwa kuwa ndilo linalotumiwa vibaya zaidi. Liji, katika sura ya Tangong, inatenganisha watu watatu. Baba unamsitiri, wala humkabili usoni. Mtawala unamkabili usoni, wala humsitiri. Mwalimu si wa kumkabili usoni wala wa kumsitiri. Katika Lunyu 14.22 mwanafunzi Zilu anauliza jinsi ya kumtumikia mtawala, anajibiwa: usimdanganye, mpinge waziwazi. Sura nyingine ya Liji inaongeza tofauti ya mwisho: umemwonya mzazi mara tatu hasikii, unamfuata ukilia, umemwonya mtawala mara tatu hasikii, unaondoka.

Kwa hiyo anayeficha ubadhirifu wa mkubwa wake kazini na kusema huo ni utamaduni wa Kiconfucius amechukua kanuni ya baba akaipachika mahali pa mtawala, pale pale ambapo maandishi yanaagiza kinyume. Kusitiri hakupandi ngazi. Ni kwa damu na malezi, si kwa cheo.

Na baba akiwa ni baba wa mtawala? Mengzi (yapata 372–289 KK), mfuasi mwingine wa Confucius, aliulizwa hivyo na mwanafunzi wake Tao Ying, katika kifungu cha 7A35 cha kitabu chenye jina lake. Mfalme Shun wa masimulizi ya kale yuko kwenye kiti, Gao Yao ni mwamuzi wake mkuu, na Gusou, baba wa Shun, ameua mtu. Itakuwaje? Mengzi: Gao Yao atamkamata tu. Shun hatamzuia? Atamzuiaje, Gao Yao ana mamlaka aliyokabidhiwa. Shun atafanya nini basi? Atauacha ufalme kama mtu anayetupa kiatu kilichochakaa, atambeba baba yake mgongoni kwa siri, wakimbilie pwani ya bahari, na ataishi huko kwa furaha akisahau kwamba aliwahi kutawala.

Watu hukimbilia picha ya kumbeba baba na kuruka sehemu ya kwanza. Mfalme haruhusiwi kutumia ufalme kumwokoa baba yake. Sheria inaendelea na kazi yake. Akitaka kuwa mwana, anavua taji kwanza, na gharama anailipa mwenyewe. Ni kweli kwamba ndugu wa aliyeuawa hawatajwi, na muuaji anatoroka, sitalificha hilo.

Kisa kingine cha Shun, 5A3, kinanishinda kukitetea. Xiang, mdogo wake aliyejaribu kumuua, anapewa eneo la Youbi alitawale. Mengzi anajitetea kwamba Shun aliweka maofisa waliotawala kwa niaba ya Xiang ili asiwaonee watu. Utetezi huo unapunguza madhara, lakini watu wa Youbi hawakuulizwa. Mwaka 2002 mwanafalsafa Liu Qingping alizishambulia hadithi hizo mbili kama mizizi ya rushwa, Guo Qiyong akaongoza upande wa utetezi, na mabishano yakaendelea miaka mingi katika vyuo vya China. Kwa maoni yangu Liu ana hoja kwa Youbi na hana kwa kondoo.

China haikuwa na sauti moja

Kabla ya kulinganisha China na Ugiriki, ilinganishe China na China. Mozi, wa karne ya 5 KK, alifundisha kujali watu wote bila upendeleo. Kwake kumpendelea baba yako na kumdharau baba wa mwenzako ndicho chanzo cha vurugu. Mengzi alimjibu kwa hasira kwamba fundisho hilo ni la mtu asiye na baba.

Han Fei, mtetezi wa utawala wa sheria kali aliyekufa mwaka 233 KK, ndiye aliyeona tatizo kwa uwazi kuliko wote. Katika toleo lake mwana anamshtaki baba kwa wizi wa kondoo, na waziri mkuu wa Chu anaamuru mwana huyo auawe, kwa kuwa kamnyookea mtawala na kumpindia baba. Kando yake anaweka kisa cha mtu wa Lu, dola alikotoka Confucius, aliyekwenda vitani mara tatu na kukimbia mara tatu, kwa sababu baba yake mzee asingekuwa na wa kumtunza. Confucius akamsifu na kumpandisha. Matokeo, kwa hesabu ya Han Fei: Chu uhalifu haukuripotiwa tena, na Lu watu wakawa wepesi kusalimu amri. Raia mnyofu wa mtawala ni mwana mbaya wa baba, na mwana mwema wa baba ni msaliti wa mtawala. Huwezi kuvituza vyote viwili.

Ajabu ni kwamba hata dola ya Qin, iliyofuata watu wa mrengo wa Han Fei, haikufika mwisho wa hoja hiyo. Vipande vya mianzi vya sheria za Qin vilivyofukuliwa Shuihudi, Hubei, mwaka 1975 vinaonyesha kwamba mashtaka ya mtoto dhidi ya wazazi wake katika makosa ya ndani ya nyumba hayakupokelewa, na mtoto aliyeng'ang'ania aliadhibiwa yeye.

Baadaye sheria ikaegemea upande wa Confucius waziwazi. Mwaka 66 KK Mfalme Xuan wa ukoo wa kifalme wa Han aliamuru kwamba mtoto akimsitiri mzazi, mke akimsitiri mume, au mjukuu akimsitiri babu na bibi, asiadhibiwe. Kinyume chake, mzazi, mume au babu akimsitiri wa chini yake katika kosa la kifo, jambo lipelekwe kwa mwamuzi mkuu wa dola aamue. Usawa haukuwepo, na anayelinganisha asiufunike: amri ilimlinda zaidi mdogo anayemficha mkubwa.

Kanuni ya sheria ya ukoo wa kifalme wa Tang, yenye vifungu 502 na maelezo rasmi ya mwaka 653, ilipanua uzio. Walioishi nyumba moja, na ndugu wa daraja la kuombolezana miezi 9 na kuendelea juu (ukaribu wa ndugu ulipimwa kwa muda wa kuombolezana), waliruhusiwa kusitiriana, hata kumtonya mhusika akimbie. Ndugu wa mbali zaidi walipunguziwa adhabu kwa daraja tatu. Uhaini uliwekwa nje kabisa. Na mtoto aliyewashtaki wazazi alinyongwa, jambo ambalo Lunyu 13.18 haikulisema popote. Ruhusa ya kunyamaza iligeuka kuwa amri ya kunyamaza. Hiyo ni hatua ndefu sana, na lawama nyingi anazobebeshwa Confucius ni za hatua hiyo ya pili.

Karne ya 20 ilijaribu upande wa pili. Katika Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, watoto walihimizwa kuwashutumu wazazi hadharani. Wengi nchini China wanaokisoma 13.18 leo wanakisoma na kumbukumbu hiyo, na haishangazi kwamba marekebisho ya mwaka 2012 ya sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai, katika kifungu cha 188, yaliwatoa mwenzi, wazazi na watoto wa mshtakiwa katika orodha ya mashahidi wanaoweza kulazimishwa kufika mahakamani. Ni msamaha mwembamba: unahusu kufika mahakamani tu.

Kama unadhani hayo ni mambo ya Asia, fungua kanuni ya adhabu ya Ujerumani, kifungu cha 258 aya ya 6: anayezuia mhalifu asiadhibiwe, akiwa amefanya hivyo kwa faida ya jamaa yake, haadhibiwi. Ufaransa nayo haiwaadhibu jamaa wa karibu kwa kutoripoti uhalifu, isipokuwa pale aliyetendewa ni mtoto.

Euthyphro si Mgiriki wa kawaida

Ulinganisho unaopendwa ni ule wa mazungumzo ya Plato, Euthyphro, yanayowekwa Athens mwaka 399 KK. Euthyphro anamshtaki baba yake kwa mauaji. Kibarua wao, akiwa amelewa, alimuua mtumwa wa nyumbani huko Naxos. Baba akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athens kuuliza la kufanya. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua alikufa kwa njaa, baridi na kamba. Watu husoma hapo na kutangaza: Wagiriki waliweka sheria mbele ya familia, Wachina familia mbele ya sheria.

Si kweli. Ndugu za Euthyphro wamekasirika na wanasema mwana kumshtaki babake ni kufuru, na Socrates mwenyewe anashangaa kusikia mshtakiwa ni nani. Athens ya kawaida iko upande wa Confucius. Aliye peke yake ni Euthyphro, kama vile mwana mnyofu wa Chu alivyo peke yake kwao. Linganisha basi watu wawili wa ajabu, kila mmoja mbele ya jamii yake, na usiwafanye kuwa sampuli za mabara.

Tofauti za kweli ni nyingine. Huku ni kondoo, kule ni uhai. Huku kuna gavana na maofisa wanaoweza kufuatilia wizi bila mwana. Kule Athens haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali, na kesi ya mauaji ilitegemea kwa kawaida ndugu wa marehemu. Kibarua wa Naxos hatajiwi ndugu hata mmoja. Euthyphro akinyamaza, hakuna mwingine wa kusema. Ndiyo maana kuuliza nani alikuwa sahihi kati ya vijana hao wawili bila kwanza kuuliza nani mwingine angeweza kushtaki ni kupoteza muda.

Anabaki mwenye kondoo, ambaye 13.18 haimpi hata sentensi. Liji ingesema mwana amwonye baba, Xunzi angesema asimtii, lakini mtu anataka kondoo wake. Waliolishughulikia hilo ni wanasheria wa Tang. Kwa kanuni yao, mwizi aliyeambulia patupu alichapwa fimbo nyepesi 50. Aliyepata mali ya thamani ya chi moja (kama futi moja) ya hariri, fimbo nzito 60. Ya pi tano, yaani majora matano, mwaka mmoja wa kazi ya adhabu. Ila aliyejisalimisha kabla kosa halijagundulika alisamehewa adhabu na kutakiwa kuirudisha mali. Na kifungu cha 37 kinaongeza kwamba jamaa mwenye haki ya kusitiri akienda kuungama kwa niaba ya mkosaji, inahesabiwa kama mkosaji amejisalimisha mwenyewe. Mwana angemshtaki baba, angenyongwa. Angekwenda kwa ofisa kwa jina la baba, kabla mwenye mali hajalalamika, baba asingechapwa hata fimbo moja, na kondoo angerudi zizini kwa mwenyewe.